Kwa Ampia Kumi na Tano

Saa sita mchana Fundi Mdogo aliitumbukiza shafti ya mashine ya kusaga ndani ya tangi la nikeli, akakaza waya wa shaba shingoni mwake, akawasha umeme, macho kwenye mita. Mshale ukapanda. Ulipofika ishirini ukatulia.

"Ishirini!" alimwambia mama yake, aliyekuwa ameinama bombani nje ya mlango akiosha kichujio cha sifongo. "Saa tatu tu. Saa tisa naitoa. Wale wa waya wanaondoka tisa na nusu, tumewawahi."

"Mungu akujalie, mwanangu. Mimi nikishaona waya umefika dirishani ndiyo nitaamini."

Hesabu yenyewe haikuwa na uchawi wowote. Shafti ilikuwa imelika pale inapokaa beringi, unene wa nywele mbili tatu hivi, na umeme ndio uliobeba nikeli kutoka kwenye vipande vilivyoning'inia pembeni mwa tangi hadi kwenye chuma. Kila ampia ina mzigo wake kwa saa. Haizidishi, haipunguzi, wala haijui kubembelezwa. Shafti ile ilitaka sitini. Ampia ishirini kwa saa tatu, sitini hiyo. Mtoto wa shule angeipiga kwa vidole.

Aliitwa Fundi Mdogo ingawa alikuwa mama mtu mzima, kifua kipana na mikono yenye makovu ya tindikali, kwa sababu Fundi Mkubwa alikuwa hai, chumba cha pili, nyuma ya ukuta wa mbao. Baba yake huyo alikuwa amekaa kitandani na mrija puani. Mvuke wa matangi ulikuwa umemla mapafu polepole, miaka nenda miaka rudi, na sasa alipumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni iliyonguruma pembeni ya mto wake mchana na usiku. Ilizimwa dakika chache tu za kuosha kichujio, na dakika hizo mzee alikaa kimya, mikono magotini, hasogei.

Taabu ilikuwa umeme. Nyumba nzima ilikula kupitia waya mmoja mwembamba uliovutwa kutoka nguzo ya mbali. Jioni, mtaa ukishawasha taa na pasi zake, mashine ya mzee ilianza kulia piii, piii, ikazimika, na mama akabaki kumpepea mumewe kwa kipande cha boksi kana kwamba hewa ile ingetosha. Safari ya mwisho walidhani wamempoteza. Sasa mwenye mashine ya kusaga, ambaye mtaa mzima ulimwita Bosi, alikuwa anavutiwa laini mpya, nene, kwa lori lenye ngazi na mafundi wanne. Alikuwa amesema kauli moja: shafti yake ikiwa tayari kabla lori halijaondoka, atawaambia mafundi wampitishie mzee waya mnene mpaka dirishani. Lori likiondoka halirudi leo wala kesho. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakimnyima Fundi Mdogo usingizi.

Hakukaa hata robo saa na tangi lake. Mtu alitumwa kutoka kwa Bosi: njoo mara moja, kuna jambo.

Alimkuta Bosi akila kibarazani. Hakumkaribisha kiti. Wanawake wenye ndoo za mahindi walikuwa wamepanga foleni mbele ya mashine iliyokufa, wote wakimtazama Fundi Mdogo kana kwamba yeye ndiye aliyeila shafti.

"Umekuja na harufu yako," Bosi alisema, akivuta sahani upande wa pili. "Simama hapo hapo, upepo uko vizuri."

"Umeniita, Bosi."

"Nimekuita, ndiyo. Unaniona nakula?"

Akasimama. Jua lilikuwa la utosi. Bosi alitafuna taratibu, akanawa, akachokoa meno, akapokea simu, akacheka na mtu wa kwenye simu, akaanza kuelezea habari za ng'ombe wa shemeji yake, saa nzima ikapita. Mwanamke mmoja kwenye foleni alimwonea huruma Fundi Mdogo akamsogezea ndoo iliyofudikizwa akae. Hakukaa. Angekaa, Bosi angesema amekuja kupumzika.

"Nilitaka kujua kitu kimoja tu," Bosi alisema hatimaye. "Hiyo kazi anaifanya mzee au unaifanya wewe?"

"Naifanya mimi."

"Mzee anaangalia?"

"Mzee anaumwa, Bosi. Unajua."

"Ndiyo maana nauliza! Mimi nilimjua mzee. Wewe nakujua kwa kubeba maji ya baba yako." Wawili watatu kwenye foleni wakacheka cheko la kumfurahisha tajiri. "Haya, nenda. Saa tisa na nusu, hata dakika moja isizidi. Usije ukaniletea hadithi."

Yaani kwa hayo tu alimwita! Fundi Mdogo alirudi akitembea haraka, nusu anakimbia, uso unawaka. Alikuwa na maneno mia ya kumjibu na yote yalimjia akiwa ameshafika mbali.

*

Ilikuwa saa nane aliposhika tena mlango wa karakana. Kitu cha kwanza alichokitazama ni mita. Mshale ulikuwa umelala kwenye kumi na tano.

Alikagua waya, akakaza kibanio, akapangusa shaba. Kumi na tano. Akajaribu kuzungusha swichi ya chaja iliyolisha tangi umeme; ilikuwa tayari mwisho kabisa. Ndipo aliposikia ngurumo nyuma ya ukuta wa mbao, ile ngurumo ambayo masikio yake yalikuwa yameizoea mpaka hayaisikii, akajipiga kofi la paja.

"Mjinga wewe! Mjinga!"

"Kuna nini?" Mama alichungulia.

"Mama, ulikirudisha saa ngapi kichujio?"

"Pale pale ulipotoka. Mashine ililia piii mara tatu ndipo ikawaka. Baba yako alikuwa anahema."

Basi. Alikuwa ameusoma mshale wakati mashine ya baba yake imezimwa. Dakika kumi tu kwa siku nyumba ile ilikuwa na ampia ishirini za kumpa mtu, na yeye alikuwa amepigia hesabu yake humo humo. Mashine ya mzee ilipowashwa ilichukua haki yake kwenye waya ule mwembamba, tangi likabaki na masalio.

"Sasa?" mama aliuliza, naye sura imeshamwambia.

"Sasa nimefika nusu tu. Thelathini." Alikuwa akihesabu kwa sauti, kama baba yake alivyomzoesha, hesabu iwe inasikika ili kosa lisikike pia. "Imebaki thelathini. Kwa kumi na tano ni saa mbili, inaiva saa kumi. Lori limeshaondoka. Kwa ishirini ingekuwa saa moja na nusu. Ingeiva tisa na nusu barabara."

Akageuka akautazama ukuta. Ukuta ulikuwa wa mbao, na mbao zenyewe zilikuwa na nyufa za kupitisha kidole.

"Zima tu, uanze upya kesho," mama alisema kwa sauti ya chini.

"Nikizima imeharibika, mama. Nikeli ukiikatia umeme njiani inajifunga uso. Ukiwasha tena, inayokuja juu inakaa tu, haishikani na ya chini. Wenye viwanda wana dawa yao ya kuiamsha, sisi hatuna." Alifuta jasho. "Ngoja niende kwa watu wa lori. Nusu saa. Nitawaomba nusu saa tu."

"Nenda. Ukibidi kupiga magoti, piga."

Alipita mlangoni kwa baba yake. Mzee alikuwa amefumba macho, mikono magotini, kama aliyelala.

*

Msimamizi wa mafundi umeme alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ngumu ya njano, na alimsikiliza huku akikunja kamba.

"Nusu saa," alisema. "Nusu saa ya nani? Yangu? Hawa vijana wangu wamekula saa ngapi unajua?"

"Ndugu yangu, ni baba yangu. Anapumua kwa mashine. Umeme ukiwa mdogo inazima."

"Kila nyumba ninayopita kuna baba anayeumwa, dada. Laiti ungejua."

"Najua."

"Hujui. Jana nimeambiwa kuna mtoto njiti kwenye chupa." Alitupa kamba ndani ya lori. Kisha akamtazama mikono, yale makovu meupe yaliyopanda mpaka kwenye viwiko, naye akavuta mkono wa shati lake akaonyesha lake, kovu refu la kuungua. "Umeme huu. Mwaka wangu wa kwanza." Akaushusha mkono wa shati. "Saa kumi. Saa kumi na dakika moja nawasha lori, na usinililie."

Fundi Mdogo hakujua kama alisema asante. Alirudi mbio kama binti wa shule aliyefaulu, viatu vinapiga visigino, anacheka peke yake. Saa kumi! Saa kumi ndiyo hasa aliyokuwa akiihitaji. Kumi na tano ile ile, iendelee tu kujikokota, na saa kumi kila kitu kitakuwa kimeiva, baba na mashine yake, shafti na nikeli yake. Aliingia karakana akaitupia mita jicho.

Mshale ulikuwa kwenye ishirini.

Alifurahi. Ingekuja kumuuma baadaye, lakini kweli alifurahi, kwa muda wa kuvuta pumzi moja, akisema moyoni kumbe siku ikiwa yako ni yako, hata umeme umepanda. Halafu akasikia kimya. Tangi lilikuwa likichemka kidogo kidogo, nzi mmoja alikuwa dirishani, na nyuma ya ukuta wa mbao hapakuwa na ngurumo.

"Baba!"

Mzee alikuwa amekaa vile vile, mgongo ukutani, mikono magotini, ila midomo ilikuwa imebadilika rangi, na kifua kilipanda na kushuka harakaharaka bila kufika popote. Mama alikuwa chini, ameegemea kitanda, plagi ya mashine mkononi, anapepea kwa boksi, machozi yanamtiririka.

"Kaniapisha," mama alisema. "Kaichomoa mwenyewe. Kasema nikiirudisha nimemuua bure."

"Tangu saa ngapi?"

"Ulipotoka tu. Alisikia hesabu yako."

Fundi Mdogo alimpokonya plagi akaichomeka. Mashine ikapiga piii, ikatetemeka, ikazima. Akabonyeza tena. Piii. Umeme ulikuwa mdogo. Mashine ile ilitaka nguvu ya kuanzia, na tangi lilikuwa limeishika nguvu yote. Mzee aliinua kidole kimoja, akakitikisa. Hapana. Alikuwa akijaribu kusema.

"Usi... zime." Akavuta. "Ita... banduka."

"Acha ibanduke!"

Alitoka, akafika kwenye chaja, akaishika swichi. Nikeli ndani ya tangi ilikuwa ikimetameta, safi, bila doa. Akazima. Mshale ukaanguka hadi sifuri. Nyuma ya ukuta mashine ikakohoa, ikashika, ikanguruma, na Fundi Mdogo akaegemea tangi, akalia kwa hasira, kwa sababu alikuwa ameipata ile nusu saa. Alikuwa ameipata! Mzee angekaa tu kitandani apumue, kila kitu kingekuwa sawa.

Ilichukua muda mpaka rangi ikarudi midomoni. Baba yake alipoweza kusema, alisema, "Iwashe tena."

"Ya nini? Imeshaharibika."

"Iwashe. Mtu asiyejua hataona."

Alimtazama baba yake. Mtu huyu aliwahi kurudia birika la mteja mara tatu kwa doa lisilozidi punje ya mchele. Alikwenda akawasha, kwa kuwa mikono ilitaka kazi, na mshale ukapanda mpaka kumi na tano ukalala.

*

Bosi, aliyekwisha kuambiwa na msimamizi habari ya ile nusu saa, alikuja mwenyewe saa kumi, beringi mpya mfukoni, kitambaa puani. Nje, lori la ngazi lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba, injini inaunguruma. Fundi Mdogo aliitoa shafti, akaisuuza, akaipangusa. Iling'aa vibaya sana. Bosi alitelezesha beringi, ikapita kwa shida, akaisukuma kwa kiganja, ikakaa pale inapotakiwa, imebana.

"Ehee!" Bosi alisema. Aliitikisa, haikucheza. Akasahau hata kitambaa chake. "Hii ndiyo kazi. Hii ndiyo kazi ya mzee!"

Akatoa kichwa dirishani. "Nyie! Teremsheni huo waya. Mpitishieni mzee."

Mama aliweka mikono miwili mdomoni. Ngazi ilisikika ikiteremshwa, vijana wakaitana, waya mweusi, mnene kama kidole gumba, ukaanza kukunjuliwa kwenye vumbi. Fundi Mdogo aliutazama ukija. Alijua kilichokuwa chini ya mng'aro ule: tabaka mbili zilizolala pamoja bila kushikana. Wiki mbili, pengine tatu, halafu ingeanza kumenyuka, beringi ingelegea, na gurudumu la vyuma vya kusagia linalozungushwa na shafti lingeanza kuyumba kwa kasi ile, umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye foleni ya ndoo. Wiki mbili zilitosha waya kufungwa. Nani angeuchomoa?

"Imeiva, mzee?" Bosi alipaza sauti kuelekea ukutani, kwa adabu ambayo hakuwa nayo mchana. "Nataka niisikie kwako."

Nyuma ya mbao mashine ilinguruma. Kisha sauti ya baba yake ikaja, dhaifu lakini imenyooka.

"Imeiva. Ichukue."

Fundi Mdogo hakuwahi kumsikia baba yake akidanganya kuhusu kazi. Aliumia kuliko alivyoumia siku nzima. Aliona kwamba mzee hakuwa anaupigania waya kwa ajili ya pumzi yake. Alikuwa anataka binti yake asisimame tena kwenye swichi ile.

"Haijaiva," alisema.

Bosi akageuka. "Unasemaje?"

"Umeme ulikatika katikati. Itabanduka. Usiifunge, Bosi, itaua mtu."

"Mzee amesema imeiva."

"Nimemsikia."

"Sasa fundi hapa ni nani?"

"Mimi."

Bosi alimtazama, akaitazama shafti, akapitisha ukucha juu ya nikeli kama angeiona hila kwa ukucha. Shingo ikamjaa. "Tuliahidiana kabla lori halijaondoka."

"Tuliahidiana."

"Basi usinilaumu." Akachomoa beringi yake kwa nguvu, akaitia mfukoni. Hakuichukua shafti, angeipeleka wapi? "Kesho jioni naitaka, sawasawa. Na habari ya waya usinitajie." Akatoa kichwa dirishani. "Nyie, kunjeni!"

Yule wa kofia ya njano aliinua mikono miwili, akaiangusha. Waya ukaburutwa ukirudi, ngazi ikapandishwa, na lori likaondoka.

Mama hakungoja hata vumbi litue.

"Wiki mbili!" alimlilia binti yake. "Wiki mbili tu ungenyamaza! Nani alikuuliza? Aliulizwa baba yako! Leo usiku ikilia piii nitampepea na nini, na ukweli wako?" Alilitupa boksi chini, akaliokota, akatoka nalo uani, na kilio chake kikasikika kule bombani.

Fundi Mdogo aliingia kwa baba yake akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Hawakutazamana. Mikono ya mzee ilikuwa bado magotini.

"Umenivua nguo mbele ya yule mtu," mzee alisema.

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

"Hm." Alivuta pumzi kadhaa, na kila moja ilimgharimu. "Kesho utaipeleka kwenye kerezo kwanza. Ichongwe yote, mpaka kwenye chuma. Usichovye juu ya ya leo."

"Najua."

"Najua unajua. Halafu anza mapema, umeme ukiwa bado mzuri. Saa tatu zitatosha. Mimi nitakaa tu kimya, asubuhi huwa sina shi..."

"Saa nne," Fundi Mdogo alisema.

"Saa tatu. Ishirini kwa saa tatu..."

"Kumi na tano kwa saa nne, baba. Na wewe umewashwa. Hesabu ya nyumba hii ni hiyo. Nyingine siijui."

Mzee alifungua mdomo abishe. Mkono wake ukaondoka gotini, ukapanda puani, naye Fundi Mdogo akainuka nusu, tayari kumzuia. Lakini mzee aliushika mrija, akausogeza ukae vizuri, akaurudisha mkono chini.

"Kumi na tano kwa saa nne," alisema, akihesabu kwa sauti. "Sitini. Ndiyo. Inafika."